Jumba la Brideshead na Mshipi Usioonekana

Ukimkuta mtu aliyesoma Brideshead Revisited, riwaya ya Mwingereza Evelyn Waugh, au aliyeitazama tu kwenye televisheni, cha kwanza kukutajia ni dubu. Ni mdoli wa dubu anayeitwa Aloysius, na mwenyewe ni Sebastian Flyte, mtoto wa lodi anayesoma Oxford mwaka 1923. Sebastian hamwachi dubu wake nyuma. Amemnunulia hata brashi ya nywele, si ya kumchania manyoya bali ya kumtishia viboko akinuna. Cha pili utatajiwa jumba lenyewe, na kuba lake, na chemchemi ya mawe ambayo babu mmoja wa ukoo aliinunua Italia akaisafirisha nzima hadi Uingereza. Cha tatu mvinyo. Halafu mwenzako atashusha pumzi na kusema, ah, wale watu waliishi.

Msomaji wa namna hiyo mimi namhesabu kama samaki aliyekula chambo akaiacha ndoana.

Nasema ndoana kwa sababu kitabu chenyewe kinaitumia. Jioni moja mama yake Sebastian, Lady Marchmain, anawasomea wanawe hadithi ya Padre Brown, yule padre mpelelezi wa G. K. Chesterton. Padre anamzungumzia mwizi aliyemnasa: amemshika kwa ndoana isiyoonekana, na mshipi wake ni mrefu kiasi cha kumwacha aende hadi mwisho wa dunia, kisha akamrudisha kwa kuuvuta mara moja tu. Evelyn Waugh aliupenda usemi huo hata akaipa jina lake sehemu ya mwisho ya riwaya. Kila mtu wa ukoo ule anaogelea na chuma mdomoni. Sebastian anakimbilia ulevi. Julia, dada yake, anakimbilia ndoa na mwanasiasa tajiri kutoka Kanada. Baba yao alishakimbilia Venice zamani, anaishi na hawara. Mshipi unalegezwa, unalegezwa, kisha unavutwa.

Anayetusimulia ni Charles Ryder, kijana asiye na dini wala mama, aliyeingia katika ukoo huu kupitia dirishani, au tuseme ukoo ndio uliomwingilia: Sebastian, mgeni kwake kabisa, alikuwa amelewa, akaingiza kichwa dirishani mwa chumba cha Charles na kutapika ndani. Kesho yake chumba kilijaa maua, na katikati ya maua mwaliko wa chakula cha mchana. Kuanzia hapo Charles anawapenda kwa zamu, kwanza kaka, miaka kumi baadaye dada, na wakati wote anapenda nyumba. Hajui kwamba naye yumo baharini.

Kitabu kilitoka mwaka 1945. Waugh aliumia katika mafunzo ya parachuti Desemba 1943, jeshi likampumzisha, na kufikia Juni 1944 kazi ilikuwa imekwisha. Uingereza ilikuwa inakula kwa mgawo. Baadaye sana, katika dibaji ya toleo jipya, alikiri mwenyewe kwamba njaa ya siku zile za maharage ya soya ilikijaza kitabu ulafi, wa chakula, wa mvinyo, wa fahari ya jana na wa maneno yenye mapambo, na kwamba sasa akiwa ameshiba ulafi ule ulimkera. Ni mwandishi gani mwingine aliyewahi kulilaumu tumbo lake kwa mtindo wake?

Lakini ukiondoa chambo, kinachobaki ni swali ambalo Mkatoliki wa Songea au wa Kibosho hahitaji kufafanuliwa: nani anaruhusiwa kukomunika?

Parokiani nilikokulia kulikuwa na mama mmoja asiyekosa Misa. Jumamosi alifagia kanisa, Jumapili aliimba sauti ya kwanza, na michango ya jumuiya alikuwa wa kwanza kuitoa. Wakati wa komunyo alibaki kwenye benchi. Aligeuza magoti pembeni ili wenzake wapite, akafungua kitabu cha nyimbo alizozijua zote kwa moyo, akakitazama mpaka foleni iishe. Mwanamume aliyeishi naye alikuwa na mke wa ndoa kwao, tena ndoa ya kanisani. Sisi watoto tulijua bila kuambiwa. Wakubwa walisema tu, "hana ndoa," na sentensi ikaishia hapo.

Julia Flyte ni mama yule, ila nyumba yake ina vyumba vingi zaidi.

Tukio kubwa la riwaya si la jumba, wala la Oxford. Ni jioni ambayo kaka yake mkubwa, Bridey, mtu mwenye roho ya karani, anatangaza mezani kwamba amepata mchumba, mjane mwenye watoto. Julia anauliza kwa nini hakuja naye. Bridey anajibu bila chuki hata chembe, kama mtu anayekusomea saa ya basi: mchumba wake ni Mkatoliki wa msimamo, hawezi kulala katika nyumba ambamo Julia anaishi katika dhambi. Maneno matatu ya katekisimu. Julia anatoka nje mbio hadi kwenye chemchemi, na hapo machozi yanafumua kitu kilichokaa miaka. Anaisema dhambi yake kama mtoto mgonjwa ambaye yeye ndiye mlezi: unamwogesha, unamvika, unamkinga na ulimwengu, ukiamka asubuhi yupo, ukilala yupo. Anamkumbuka yaya aliyemfundisha, anamkumbuka mama yake aliyekufa akimwombea, anaukumbuka msalaba juu ya kitanda cha utotoni.

Na Charles? Charles, mpenzi wake, anakaa pale akijaribu kufanya mzaha, anayafananisha yote na mchezo wa jukwaani. Ni msanii, anaona mandhari. Nakiri kwamba niliposoma mara ya kwanza nilikuwa upande wake, nilitaka Bridey apigwe kofi. Mara ya pili nilimkumbuka mama wa benchini, nikaona kwamba Julia hakuwa anamjibu Bridey. Bridey alikuwa ametaja tu jina la kitu ambacho Julia alikuwa akikilea siku zote.

Sasa tuhesabu kama paroko anavyohesabu na daftari la ndoa mbele yake, kwa sababu hapa Waugh ana ujanja. Rex Mottram, mume wa Julia, alikuwa ameshaoa na kutaliki huko Kanada, na mke huyo wa kwanza yu hai. Mambo yalipogundulika, harusi kubwa ya Kikatoliki ikavunjika na wakaenda kufunga katika kanisa la Kiprotestanti. Kwa sheria ya Kanisa Katoliki basi, Julia hakuwahi kuolewa. Yeye ni huru. Kizuizi ni Charles, kwa kuwa Charles ana mke, Celia, na Kanisa huihesabu ndoa hata ya wawili wasio Wakatoliki kuwa ni ndoa. Anayesimama kati ya wapenzi wetu ni mwanamke mwenye haki yake, na wala hakuna anayemlilia.

Waugh amehakikisha hatumlilii. Celia amechorwa kama mwenyeji wa karamu tu, mwenye maneno mengi, aliyewahi kumdanganya mumewe, ili tusisikie uchungu anapoachwa. Ila kuna watoto. Charles amekuwa Meksiko na Amerika ya Kati karibu miaka miwili akichora magofu. Nyuma yake amezaliwa mtoto wa kike, Caroline. Baba anarudi, hajawahi kumwona mwanawe, na hana haraka. Anapitia kwenye maonyesho ya picha zake London, kisha anapanda treni na Julia kwenda Brideshead. Riwaya inayopima kila busu kwa mizani ya sakramenti inaipita habari hii kama treni ya haraka inavyopita stesheni ndogo. Kwangu hilo ni doa kubwa kuliko anasa yote ya kitabu. Julia anaachana na Charles kwa sababu ya Mungu. Hakuna anayeachana na yeyote kwa sababu ya Caroline.

Hata hivyo simwiti Waugh mnafiki, maana bei aliyomtoza Julia aliijua mfukoni mwake. Alioa mwaka 1928, mwanamke aliyeitwa Evelyn kama yeye. Mwaka uliofuata mke akampenda mwingine, wakatalikiana. Septemba 1930 Waugh akapokewa katika Kanisa Katoliki akiwa na miaka 26, akiamini kabisa kwamba kwa hatua hiyo amejifungia mlango wa kuoa tena maishani. Ndoa ile ilikuja kubatilishwa na Kanisa mwaka 1936, akamwoa Laura Herbert mwaka uliofuata. Miaka sita alikaa si mume wala si mtu huru. Aliingia dini iliyomwomba jambo alilokuwa analitaka zaidi, na akaingia tu.

Ndiyo maana imani katika kitabu hiki haimfurahishi mtu. Angalia mavuno yake: Lady Marchmain ni mcha Mungu na kila ampendaye anamkimbia. Binti yake mdogo, Cordelia, anasema watu waliotaka kumchukia Mungu walimchukia mama, na kwamba mama alikuwa na utakatifu bila kuwa mtakatifu. Bridey alitamani utawa, akaishia kukusanya visanduku vya viberiti. Na Sebastian, mrembo kuliko wote, anamalizia kwenye nyumba ya watawa karibu na Tunis, mlevi bado. Cordelia anayatabiri maisha yake yatakavyokuwa: nusu ndani nusu nje ya jumuiya, mzee wa kuchekesha na ufagio wake na funguo zake, anayepotea siku mbili tatu na kurudishwa hoi, ambaye wanovisi, watawa wanafunzi, watamcheka na kumpenda. Neema haikumponya pombe. Ilimpa lango la kufungua na watu wa kumfungulia. Nimesoma mahubiri mengi juu ya neema, hakuna hata moja lililothubutu kuahidi kidogo namna hiyo.

Tufike kitandani pa Lord Marchmain, baba yao. Mzee amerudi kutoka Italia kufia nyumbani. Padre Mackay, paroko wa kawaida tu, anafika mara ya kwanza na anafukuzwa kwa adabu, na Charles anafurahi. Mara ya pili mzee hasemi tena. Padre anampa mpako wa mafuta wa wagonjwa, anamwomba atoe ishara yoyote ya kujutia. Charles anapiga magoti kwa ajili ya Julia na kumwomba Mungu, kama yupo, amsamehe mzee dhambi zake, kama zipo. Mkono wa mgonjwa unainuka hadi kwenye paji la uso. Charles anaogopa: anafuta mafuta! Lakini mkono unashuka kifuani, unakwenda begani, na ishara ya msalaba inakamilika. Jioni hiyohiyo Julia anamwambia Charles kwaheri.

Edmund Wilson, mhakiki wa Marekani aliyekuwa amemsifu Waugh kama fundi mkubwa wa vichekesho, aliziona kurasa hizi kuwa upuuzi mtupu. Anayejua kilichotokea Oktoba 1943 atasita kucheka naye. Hubert Duggan, mbunge na rafiki wa Waugh, alikuwa anakufa. Alizaliwa Mkatoliki, akaiacha dini. Jamaa walipinga, lakini Waugh akamleta padre, na mgonjwa akafanya ishara ya msalaba. Miezi michache baadaye Waugh akaanza kuandika. Wilson alidhani mwandishi ametunga muujiza, kumbe ndiyo sehemu aliyokuwa ameiona kwa macho.

Kama hiyo ndiyo ndoana, kwa nini wengi wanaikwepa? Kwa sababu chambo kilikolezwa mno. Mwanzoni mwa 1947 kampuni ya filamu ya MGM ilimleta Waugh Hollywood kuzungumzia filamu, akakuta wenyeji wake wameona hadithi ya mapenzi basi. Akawaeleza kwamba jambo lenyewe ni la kiteolojia, mazungumzo yakavunjika. Mwaka 1981 runinga ya Uingereza ikatoa sehemu 11 zilizopigwa katika jumba la Castle Howard, Yorkshire, na Jeremy Irons akiwa Charles. Ni kazi nzuri sana, na kwa uzuri wake ikawafanya watu watamani suti za kitani na boti za mtoni. Neema ikawa mapambo ya jumba, kama ile picha ya Moyo Mtakatifu iliyowekwa sebuleni kwa kuwa fremu yake ni nzuri.

Lawama si ya televisheni peke yake. Waugh aliiona imani vizuri zaidi chini ya dari iliyochorwa. Yupo luteni mmoja katika riwaya, Hooper, kijana wa tabaka la kawaida, mwenye lafudhi ya mtaani na lugha ya ofisi. Charles anamdharau mwanzo hadi mwisho, na mwandishi anamruhusu. Hooper anabebeshwa makosa ya karne nzima, wakati kosa lake lililothibitishwa ni kutonyoa nywele vizuri. Hakuna anayejiuliza kama Hooper naye ana mshipi. Waumini wa kawaida walioruhusiwa kuingia ni yaya mzee Hawkins na rozari yake huko juu ghorofani, na Padre Mackay, nao wameingia kwa mlango wa watumishi.

Jicho hilohilo alikuja nalo kwetu. Wiki chache baada ya kupokewa katika Kanisa alikwenda Addis Ababa kwenye kutawazwa kwa Haile Selassie, Novemba 1930, kisha akateremka Zanzibar, akapita Kenya na Uganda hadi Kongo. Uganda alitembelea nyumba ya masista akausifu utaratibu wao na upole wao, na papo hapo akayaandika mazingira yao kama ya kishenzi. Mkatoliki mpya alikuwa amesimama katikati ya Wakatoliki weusi ambao wazee wao waliuawa kwa ajili ya imani miaka 44 kabla yake, pale pale Buganda, na alichokiona nje ya nyumba ile ni ushenzi tu. Namsoma nikijua hilo. Sikitupi kitabu kwa sababu hiyo, ila kila Hooper anapotukanwa nakumbuka mwandishi alikuwa na nani wengine kichwani.

Na bado mwisho unamshinda hata yeye mwenyewe. Vita imeligeuza jumba kambi ya jeshi, chemchemi imejaa vipisi vya sigara na mabaki ya sandwichi. Charles, sasa kapteni, hana mke, hana Julia, hana watoto wa kutajwa. Anaingia kwenye kikanisa cha nyumba, kikanisa ambacho ujenzi wake haukuwahi kumpendeza. Mbele ya tabernakulo, kisanduku cha kutunzia Ekaristi, inawaka taa ndogo nyekundu, na Waugh, mpenda vitu vizuri, anasisitiza kwamba taa ni ya shaba na imesanifiwa vibaya. Charles anasali sala ambayo amejifunza si muda mrefu uliopita. Mabwana waliojenga hawakuijengea taa hiyo, wala askari hawakuja kwa ajili yake, lakini inawaka. Akitoka nje, afisa mmoja anamwambia leo unaonekana mchangamfu kuliko kawaida. Hayo ndiyo maneno ya mwisho ya kitabu.

Waugh naye aliombwa tena, na safari hii aliyeomba alikuwa Kanisa lenyewe. Alichokipenda kuliko majumba yote kilikuwa Misa ya Kilatini, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu, ukafungua mlango kwa lugha za watu. Babu yangu, katekista, alikuwa ameitikia "Et cum spiritu tuo" miaka na miaka bila kuijua maana. Misa ilipoanza kusomwa kwa Kiswahili, bibi alisema, babu alirudi nyumbani siku ile na kuirudia Misa yote kwa sauti jikoni, kama mtu aliyeletewa barua akaikuta imeandikwa kwa mkono wa nduguye. Kwa Waugh mabadiliko yaleyale yalikuwa msiba. Aliandika magazetini, akamwandikia kardinali wake, hakusikilizwa, hakuondoka. Jumapili ya Pasaka, tarehe 10 Aprili 1966, rafiki yake Padre Philip Caraman alimsomea Misa kwa Kilatini katika kanisa la kijiji cha jirani huko Somerset. Waliokuwapo walisema alikuwa mchangamfu kuliko walivyomzoea. Akarudi nyumbani, na siku hiyohiyo akafa.